Wigi la Tusekile

Sogea karibu, ukae vizuri. Nataka kukusimulia habari za Tusekile.

Tusekile ana miaka saba. Anakaa Mbeya na mama yake na baba yake, kwenye nyumba yenye mlango wa bluu.

Baba yake ni fundi cherehani. Cherehani yake iko barazani, nayo inasikika kutwa nzima.
Taka-taka-taka. Taka-taka-taka.

Tusekile alikuwa ameumwa. Aliumwa sana, akakaa hospitali siku nyingi. Ugonjwa wake unaitwa saratani.

Madaktari walimpa dawa. Dawa ile ilikuwa kali. Ikaufukuza ugonjwa, na ikaziangusha nywele za Tusekile pia.

Kwanza zilianguka kidogo, kwenye mto.
Halafu zikaanguka nyingi, kwenye kitana.
Halafu zikaisha zote.

"Mama, nimefanya nini?" Tusekile aliuliza.

"Hujafanya kitu," Mama alisema. "Ni dawa tu. Wewe hujakosea hata kidogo."

Sasa dawa ile kali imekwisha. Daktari alimpima Tusekile, akatabasamu, akasema, "Jumatatu unaweza kwenda shule."

Tusekile alifurahi. Akarukaruka mpaka kwenye mlango.

Halafu akasimama. Akashika kichwa chake. Kilikuwa laini, tena kilikuwa baridi, maana Mbeya kuna baridi.

Shuleni kwao wasichana wote husuka nywele. Rafiki yake Sekela anasuka. Wengine wote wanasuka. Tusekile hana hata unywele mmoja wa kusuka.

"Mama," alisema, "nataka nywele za kwenda nazo shule."

Mama alifikiri. "Nywele zako zitachelewa kidogo kuota," alisema. "Lakini kuna wigi. Ni nywele unazovaa kama unavyovaa kofia."

"Nani atachagua wigi?"

"Kichwa ni cha nani?" Mama aliuliza.

"Changu."

"Basi atachagua mwenye kichwa."

Tusekile akaenda kuvaa viatu. Njia nzima aliimba kwa sauti ndogo:

"Kichwa ni changu,
nachagua mwenyewe."

Saluni ya Mama Subilaga inanukia mafuta ya nywele. Mashine ya kukaushia nywele inavuma. Vuuuu, vuuuu.

"Shikamoo, mama," Tusekile alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae kwenye kiti kirefu."

Kiti kile kilipanda juu. Fyuu. Tusekile akajiona kwenye kioo, kichwa chake kikiwa kimefungwa kitambaa cha njano.

Ukutani kulikuwa na rafu ndefu. Kwenye rafu kulikuwa na vichwa vya plastiki. Kila kichwa kilikuwa kimevaa wigi, na hakuna kichwa kilichosema neno.

Mama Subilaga alileta wigi la kwanza. Lilikuwa refu na jekundu. Lilishuka, likashuka, mpaka kwenye magoti ya Tusekile.

"Hili nitalikalia," Tusekile alisema. "Hapana."

Mama Subilaga alileta wigi la pili. Lilikuwa la duara na kubwa sana.

Mama aliuliza, "Tusekile, uko wapi?"

"Niko humu ndani," Tusekile alisema. "Hapana."

Mama mwenyewe alichagua wigi la tatu. Lilikuwa fupi, limenyooka, limekatwa vizuri.

"Hili ni la adabu," Mama alisema. "Hili linafaa shule."

Tusekile alijitazama kwenye kioo. Akajitazama upande huu. Akajitazama upande ule.

"Mama, nimefanana na yule dada wa benki."

Mama akatazama. Mama Subilaga akatazama. Wote wawili wakacheka, kwa sababu ilikuwa kweli kabisa.

"Lakini ni zuri," Mama alisema. Alilipenda sana wigi lile.

Tusekile alimpenda mama yake. Hata hivyo alisema polepole:

"Kichwa ni changu,
nachagua mwenyewe."

"Sawa," Mama alisema, akalirudisha wigi la adabu kwenye rafu.

Tusekile akashuka kwenye kiti. Akatembea chini ya rafu. Akachungulia nyuma ya mlango. Pale, kwenye kichwa kimoja kilichovunjika pua, aliona wigi jingine.

Nywele zake zilikuwa nyeusi. Zilikuwa zimejikunja, vikunjo vidogo vidogo. Ncha zake zilikuwa na rangi ya chai.

"Hili," Tusekile alisema.

Mama Subilaga akamvalisha. Tusekile akatikisa kichwa. Nywele nazo zikatikisika. Tiki-tiki-tiki.

Tusekile alicheka. Yule wa kwenye kioo naye akacheka. Alifanana na Tusekile.

Lakini kulikuwa na shida.

Tusekile aligeuka kulia. Wigi halikugeuka. Lilibaki linatazama mbele.

Tusekile akapiga chafya. Chyaa. Wigi likashuka mpaka kwenye midomo.

"Wigi ni la mtu mzima, kichwa ni cha mtoto," Mama Subilaga alisema. "Mawigi ya watoto sina. Hili linahitaji fundi."

"Baba yangu ni fundi," Tusekile alisema, kutoka ndani ya wigi.

Mama Subilaga akaliweka wigi kwenye mfuko. "Sikiliza, Tusekile. Usilale nalo, litachakaa. Ukilifua, tumia maji ya baridi, na usilisugue."

"Nimesikia."

Wakaaga, wakaondoka. Walipofika barabarani, Mama Subilaga akatoka mbio mlangoni.

"Na jiko," alisema, anahema. "Nimesahau kuwaambia jiko. Wigi hili halipatani na moto. Likikaribia jiko linajikunja na kuungua. Likae mbali."

"Mbali kabisa," Tusekile alisema.

Nyumbani, Baba alichukua futi yake, akakipima kichwa cha Tusekile. Akakipima kwa mbele. Akakipima kwa nyuma. Akapima kutoka sikio mpaka sikio.

"Unanitekenya," Tusekile alisema.

"Fundi hatekenyi," Baba alisema. "Fundi anapima." Akamtekenya kidogo.

Baba akashona lastiki ndani ya wigi. Taka-taka-taka.

Tusekile akajaribu. "Linabana, Baba."

Baba akafumua, akashona tena. Taka-taka-taka.

Tusekile akajaribu. "Linalegea, Baba."

Baba akafumua, akashona tena. Taka-taka-taka.

Tusekile akajaribu. Akageuka kulia, na wigi likageuka. Akageuka kushoto, na wigi likageuka.

"Sawa," Tusekile alisema. Halafu akajikuna. "Lakini linawasha."

Baba hakuchoka. Alichukua fulana yake kuukuu, iliyokuwa laini kama unga. Akaikata, akashona kofia ndogo ya kuvaa chini ya wigi.

Tusekile akavaa kofia. Akavaa na wigi juu yake. Akasubiri kuona kama litawasha.

Halikuwasha.

"Sasa usiku litalala wapi?" Mama aliuliza.

Baba akatazama chini ya cherehani. Kulikuwa na vipande vya vitambaa, vyekundu na vya kijani na vya maua. Akavijaza kwenye mfuko wa nguo, akashindilia, akashona. Kikawa kichwa.

Tusekile akakichora macho mawili na mdomo. Akakichora na meno, mengi kuliko ya kawaida. Akakiita Bibi Vitambaa.

Usiku ule Bibi Vitambaa alivaa wigi. Tusekile alivaa kofia ya fulana. Wakalala wote wawili.

Jumatatu ikafika.

Mama alikwenda na Tusekile mpaka shuleni. Mwalimu Ambonisye alikuwa amesimama mlangoni, naye anajua yote, kwa sababu Mama alikuwa amempigia simu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Tusekile. Kiti chako kimekungoja."

Sekela alikuja mbio. Sekela ni rafiki yake Tusekile tangu wakiwa wadogo kabisa.

"Umerudi," Sekela alisema.

"Nimerudi."

"Nywele zako nzuri."

"Ahsante," Tusekile alisema. Akatikisa kichwa kidogo. Tiki-tiki-tiki.

Hakumwambia kwamba ni wigi. Hakumwambia mtu yeyote.

Wakati wa mapumziko, Sekela alileta kamba. "Njoo turuke," alisema.

Pwa, pwa, pwa. Kamba ilipiga chini. Pwa, pwa, pwa.

Tusekile anapenda kuruka kamba kuliko kitu chochote. Lakini akaliwaza wigi lake. Je, likianguka?

"Leo sitaki," alisema. Akaenda kukaa karibu na ukuta.

Jumanne, Sekela akaleta tena kamba. Pwa, pwa, pwa.

"Leo sitaki," Tusekile alisema. Akakaa karibu na ukuta. Miguu yake ilikuwa inarukaruka yenyewe, chini ya sketi.

Jumatano, Sekela hakuuliza. Alidhani Tusekile hapendi tena kucheza naye. Akaenda na kamba yake.

Tusekile akamwona anavyokwenda. Moyo wake ukauma.

Akasimama. "Sekela," akaita. "Nisubiri."

Akaingia kwenye kamba.

Pwa, moja. Pwa, mbili. Pwa, tatu.

Zilikuwa zimepita siku nyingi sana bila kuruka. Miguu yake haikuwa imesahau.

Pwa, nne. Pwa, tano. Pwa, sita.

Tusekile alicheka. Akasahau wigi. Akaruka juu, juu zaidi.

Pwa, saba.

Pof.

Wigi lilipaa. Likageuka hewani. Likaangukia mavumbini, mbele ya mtoto mmoja wa darasa la awali.

Yule mtoto akalitazama. "Paka," akasema.

Watoto wengine wakacheka.

Tusekile hakucheka. Alishika kichwa chake kwa mikono miwili. Akakimbia mpaka darasani, akaingia chini ya meza.

Chini ya meza kulikuwa na giza kidogo na kipande cha chaki. Tusekile alilia. Hakutaka kutoka tena. Alitaka kukaa pale mpaka akue.

Mwalimu Ambonisye aliingia. Alijaribu kuingia chini ya meza, lakini hakuenea. Akakaa sakafuni, karibu.

Mkononi alikuwa na wigi. Lilikuwa limejaa vumbi.

"Naomba nikae hapa, mwalimu."

"Kaa," Mwalimu alisema. "Na mimi nitakaa."

Wakakaa. Mwalimu alikung'uta vumbi kwenye wigi, taratibu. Kung, kung, kung.

"Wamecheka," Tusekile alisema.

"Nimewasikia."

"Wamecheka paka, au wamenicheka mimi?"

"Sijui," Mwalimu alisema. "Tunaweza kuwauliza."

Tusekile akafikiri. Akafuta pua.

"Nikuvalishe wigi?" Mwalimu aliuliza.

"Ngoja kwanza."

"Nikawaambie wenzako, au nisiwaambie? Nitafanya utakavyo wewe."

Tusekile akafikiri tena. Akafikiri kwa muda mrefu. Halafu akasema, kwa sauti ndogo sana:

"Kichwa ni changu.
Nitasema mwenyewe."

Watoto waliingia darasani. Hawakupiga kelele. Tusekile alisimama mbele, akiwa na kofia ya fulana kichwani, na mkono wake ndani ya mkono wa Mwalimu.

"Nilikuwa naumwa," alisema. "Nilipewa dawa kali. Nywele zikaanguka zote. Hili ni wigi. Baba yangu ameshona lastiki ndani yake."

Akaubana mkono wa Mwalimu. Lakini alikuwa ameshasema.

Mvulana mmoja, Lusajo, akanyoosha mkono.

"Mimi nilicheka," Lusajo alisema. "Nilicheka kwa sababu lilianguka kama paka. Sikujua kama unaumwa. Samahani."

Tusekile akalitazama wigi. Lilikuwa limelala mezani, limejikunja, na upande mmoja umesimama kama sikio.

Kweli lilifanana na paka.

Tusekile akacheka kidogo, kwa pua. Sekela akacheka. Mwalimu akacheka. Darasa zima likacheka, na safari hii hakuna aliyekimbia.

Maswali yakaja mengi.

"Kichwa kinauma?"

"Hakiumi."

"Nikikaa karibu na wewe, nywele zangu zitaanguka?"

"Hazitaanguka. Ugonjwa wangu hauambukizi." Mwalimu akaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo.

"Unalala nalo?"

"Hapana. Usiku linavaliwa na Bibi Vitambaa."

Hapo ikabidi aeleze Bibi Vitambaa ni nani. Akaeleza mpaka meno yake.

"Naweza kushika?" Sekela aliuliza.

Tusekile akafikiri.

"Wigi, ndiyo," alisema. "Kichwa, hapana."

"Sawa," Sekela alisema. Akalishika wigi kwa kidole kimoja. "Laini," akasema.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, Tusekile alivua wigi. Akampa Mwalimu Ambonisye amshikie. Akabaki na kofia ya fulana.

Sekela alishika kamba upande huu. Lusajo aliishika upande ule.

Pwa, pwa, pwa. Pwa, pwa, pwa.

Tusekile aliruka mpaka saba. Akapita saba. Akaruka mpaka ishirini na tatu, na hakuna kitu kilichoanguka.

Kengele ilipolia, akalifuata wigi lake kwa Mwalimu. Akalivaa, akaingia darasani. Tiki-tiki-tiki.

Ijumaa hakulivaa kabisa. Alivaa kofia ya sufu, kwa sababu ilikuwa baridi na kwa sababu alipenda.

"Leo huna nywele," Lusajo alisema.

"Leo zimebaki nyumbani," Tusekile alisema.

Kisha akaimba:

"Kichwa ni changu,
nachagua mwenyewe."

Jumamosi, Baba aliliinua wigi, akalitazama kwenye mwanga. Bado lilikuwa na vumbi la uwanjani, pamoja na jani moja na kipande cha chaki.

"Wigi hili linataka kuoga," Baba alisema.

Hodi, hodi. Ni Sekela, amekuja kucheza.

"Leo hatuchezi," Tusekile alisema. "Leo tunaogesha."

Wakaleta beseni barazani. Wakaleta maji ya baridi. Baba akatia shampuu kidogo, kiasi cha kijiko.

Kwanza Tusekile aliyaachanisha mafundo kwa vidole. Polepole, kuanzia kwenye ncha. Baba alimwonyesha.

Halafu wigi likaingia kwenye maji. Chubwi.

Sekela akaanza kusugua, kama mtu anayefua soksi.

"Usisugue," Tusekile alisema. "Libonyeze tu. Hivi."

Wakalibonyeza. Fwish, fwish, fwish. Maji yakawa na rangi ya udongo. Jani likaelea juu, na chaki ikayeyuka.

Wakalisuuza mara moja. Wakalisuuza mara ya pili. Maji yakawa safi.

"Sasa tulikamue," Sekela alisema.

"Hatukamui," Tusekile alisema. "Tunalifunga kwenye taulo." Wakalifunga kwenye taulo, kama mtoto mchanga. Wakalipapasa. Pa, pa, pa.

Wigi lilipotoka kwenye taulo lilikuwa dogo, limelowa, limesinyaa.

"Sasa linafanana na panya," Sekela alisema.

Wakacheka mpaka wakakaa chini.

Siku hiyo jua halikutoka. Upepo ulikuwa wa baridi. Uani, Mama alikuwa anachemsha viazi kwenye jiko la mkaa, na mkaa umewaka vizuri.

"Tulipeleke pale," Sekela alisema. "Litakauka upesi." Akalichukua wigi, akaanza kwenda uani.

Hatua moja. Hatua mbili. Joto la jiko lilikuwa linakuja usoni.

"Sekela, simama," Tusekile alisema.

Sekela akasimama.

"Halipatani na moto. Litaungua. Lirudishe huku, mbali kabisa."

Sekela akalitazama jiko. Akalitazama wigi. Akarudi taratibu sana, kama mtu aliyebeba mayai.

"Sikujua," alisema.

"Hata mimi sikujua," Tusekile alisema. "Niliambiwa."

Wakalivalisha kwenye kichwa cha Bibi Vitambaa, juu ya mfuko wa nailoni ili naye asilowe. Wakamweka barazani, penye upepo. Maji yakadondoka. Ti, ti, ti.

Wakasubiri.

"Limekauka?" Sekela aliuliza.

"Bado," Tusekile alisema.

Wakachora picha. Sekela akachora nyumba, Tusekile akachora kamba ndefu isiyoisha.

"Limekauka?"

"Bado."

Wakala viazi vya moto, vyenye chumvi. Wakanywa chai ya maziwa.

"Limekauka?"

"Bado kidogo, kwa ndani."

Wakamsaidia Baba kuokota sindano kwa sumaku. Taka-taka-taka, cherehani ilisema.

"Limekauka?"

Tusekile akaingiza vidole ndani ya wigi. Akagusa mbele. Akagusa nyuma, kwenye lastiki.

"Limekauka."

Akalitikisa. Vikunjo vyote vikarudi, kimoja baada ya kimoja. Tiki-tiki-tiki. Lilinukia shampuu.

Sekela alilitazama kwa hamu. "Naomba nilivae kidogo," alisema.

Tusekile akalishika wigi kwa mikono miwili. Alimpenda Sekela. Lakini hili ni wigi lake, Baba amelishona kwa kipimo cha kichwa chake.

"Hapana," alisema. "Hili ni la kwangu tu."

Sekela akainama kidogo. Halafu akainuka.

"Basi naweza kumbeba Bibi Vitambaa?"

"Huyo mbebe."

Sekela akambeba Bibi Vitambaa mgongoni kwa khanga, akazunguka naye ua mzima. Meno ya Bibi Vitambaa yalionekana kutoka barabarani. Jirani aliyepita alisema, "Mna mgeni leo," na Sekela akajibu, "Ndiyo, na amechoka, ametoka kuoga."

Jioni ikaingia. Sekela akaenda kwao.

Tusekile alikula, akaoga, akavaa nguo za kulalia. Akamvalisha Bibi Vitambaa wigi lake safi. Akalilaza vizuri, kila kikunjo mahali pake.

Akapanda kitandani. Mama akaja na mafuta. Akayapasha kwenye viganja vyake, akampaka Tusekile kichwani, taratibu, kuzunguka masikio mpaka kisogoni.

"Mikono yako ina joto," Tusekile alisema.

"Kichwa chako kinapenda joto," Mama alisema.

Nje upepo ulivuma. Ndani blanketi lilikuwa zito na zuri.

"Kesho tunakwenda kwa bibi yako," Mama alisema. "Atakupikia ndizi, na anataka kukuona ukitembea mwenyewe kutoka barabarani mpaka mlangoni."

"Nitakimbia," Tusekile alisema. Macho yake yalikuwa yanafumba.

"Utavaa nini kichwani? Utavaa wigi? Au kofia ya sufu? Au utakwenda hivi hivi?"

Mama alisubiri jibu.

Akasubiri kidogo tena.

Tusekile alikuwa ameshalala.